Kufungua Nywele: Kazi ya Wamama Ambayo Hakuna Aliyeichonga

Watu wakizungumza juu ya mila ya nywele katika inchi yetu ya Tanganyika, wanazungumza sana juu ya kusuka. Wanataja misuko ya Waluba, ya Wahemba, ya Watabwa, na kila mmoja anavuta upande wa kabila lake. Ni vizuri. Lakini mbele ya kusuka kuna kazi ingine, ndefu kuliko ile, ambayo hakuna mtu anaisifu: kufungua nywele kiisha kuziosha. Katika Kiswahili cha vitabu wanasema "kutatanua", ni kusema kuachanisha kitu kilichotatana, sawa vile mvuvi anavyofanya na nyavu yake. Hapa Kalemie tunasema tu kufungua.

Siku ya posho mchana, pita mtaa wowote wa mji huu, utasikia kilio cha watoto wasichana. Hawapigwi. Wanachanwa. Mama ameosha kichwa cha mtoto kwa sabuni ya kipande, ameacha kikauke kwa jua, sasa ameshika kichanuo cha plastiki chenye meno ya karibu karibu, na anavuta kutoka kwenye ngozi kwenda inje. Mtoto analia, jino la kichanuo linavunjika, na mama anasema neno ambalo sisi wote tumelisikia: "Nywele ya huyu mtoto ni nguvu sana!" Mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: wembe ao dawa ya kunyoosha.

Mimi nasema kwamba nywele hiyo haina ubaya wowote, na kwamba wakubwa wetu hawakuiona kuwa na ubaya. Kama wangeiona hivyo, historia ya inchi hii ingekuwa ingine.

Tuanze na jambo lililo wazi. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye ziwa letu mwaka 1874, akaona mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, kiisha akaendelea na safari mpaka Urua, ni kusema kwa Waluba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1877, na ndani yake kuna picha za vichwa vya watu wa Urua, wanaume kwa wanawake, na nywele zilizopangwa kwa namna ambayo leo hata saloni kubwa ya Lubumbashi ingeomba siku mbili ili kuifanya. Sanamu za Wahemba wa upande wa Kongolo zinaonyesha nywele zilizokusanywa nyuma ya kichwa na kufanya msalaba wa misuko minne. Sanamu za wakubwa wa Watabwa, wa hapa kando ya ziwa, zina msuko mrefu unaoshuka mgongoni. Moja iliyokuwa ya sultani Lusinga iko leo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Ilibebwa kiisha Lusinga kuuawa na watu wa luteni Storms mwezi wa 12 mwaka 1884.

Halafu kuna vile viegemeo vya mti vya kulalia, ambavyo mtu aliweka chini ya shingo usiku kusudi nywele zisiguse mkeka. Fundi mmoja Mluba, ao fundi pamoja na wanafunzi wake, alichonga viegemeo vyenye watu wadogo ambao nywele zao zinashuka kwa ngazi ngazi kama maji ya maporomoko. Jina lake lilipotea, na wataalamu wa sanaa wanamwita tu fundi wa nywele za maporomoko. Allen Roberts na mke wake Mary Nooter Roberts, waliochunguza sanaa ya Waluba kwa miaka mingi, wanasema msuko kama huo uliomba masaa karibu 50, na ukitunzwa vizuri ulikaa miezi miwili ao mitatu.

Masaa 50! Msomaji asimame kidogo hapa. Miezi mitatu ikipita, msuko huo lazima ufumuliwe. Nywele zilizokaa miezi mitatu ndani ya mafuta, udongo mwekundu na vumbi zinafumuliwa, zinaoshwa, na kiisha zinafunguliwa nywele kwa nywele mbele ya kuanza tena. Mtu asiyejua kufungua nywele iliyolowa hawezi kupanga ngazi hizo hata siku moja, sababu nusu ya nywele zingebaki katika kichanuo. Basi kila sanamu katika makumbusho ya Ulaya inashuhudia pia kazi ya mwanamke ambaye hakuonekana: yule aliyeketi na beseni, ao kibuyu cha maji, na kichwa cha mwenzake juu ya magoti. Wachongaji walichonga msuko uliokamilika. Yule mama wa kufungua, hakuna aliyemchonga.

Sasa, kwa nini nywele yetu inatatana hivi? Inafaa kueleza, sababu mtu akijua hataendelea kupigana nayo. Ukikata unywele wa mtu mwenye nywele zilizonyooka na kutazama sehemu iliyokatwa kwa darubini, utaona karibu duara. Wetu ni bapa kidogo, umbo la yai, na unatoka kwenye ngozi ukiwa umekwisha kujipinda. Unajikunja kama springi ndogo. Springi elfu nyingi zikikaa pamoja zinashikana. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa inatoa hayawezi kuteremka vizuri kwenye njia ya mizunguko mizunguko, ndiyo maana ncha za nywele zinakauka hata kama ngozi ina mafuta. Na kuna jambo moja tena ambalo wamama wengi hawajui na linawaogopesha bure: kila mtu anapoteza nywele karibu 50 mpaka 100 kwa siku, hata mzima kabisa. Kwa mwenye nywele laini zinaanguka chini. Kwetu zinabaki zimefungwa ndani ya msuko. Mtoto aliyesukwa mwezi mzima, siku ya kufumua atakuwa na nywele 1,500 mpaka 3,000 zilizokwisha kufa zamani na zinangoja tu kutoka. Mama anaona donge hilo katika kichanuo na anasema mtoto anaugua.

Tusiseme pia kwamba Mungu alikosea. Mwaka 2023 mtaalamu Tina Lasisi na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa sanamu yenye joto la mwili wa mtu, wakiivisha nywele za kila aina chini ya taa kali kama jua. Nywele zilizojikunja sana ndizo zilizokinga kichwa zaidi na joto la jua. Anayevua samaki saa sita mchana kwenye ziwa hili anaelewa faida hiyo bila kufundishwa.

Maji nayo yana neno lao. Ziwa Tanganyika lina maji ya chumvichumvi za mawe, zaidi manyezi, na kipimo chake cha asidi, kile wanafunzi wetu wa kemia wanaita pH, kiko karibu 9. Ngozi ya kichwa iko karibu 5.5. Maji ya namna hiyo yanafanya magamba madogo yanayofunika kila unywele yafunguke, kama magamba ya samaki unayempapasa kutoka mkiani, na magamba yaliyofunguka yanashikana. Ongeza sabuni ya kipande, ambayo nayo ina kipimo cha 9 ao 10, na ambayo ndani ya maji yenye madini inaacha utando mweupe. Ndiyo sababu mtu anayeosha kichwa ziwani kwa sabuni ya nguo anatoka na kichwa kinacholia kama majani makavu. Wamama wazee wa hapa walikuwa wakiweka sufuria na beseni chini ya mabati wakati wa mvua na kusema maji hayo ni ya nguo nyeupe na ya kichwa. Hawakujua pH. Walijua maji.

Hii ndiyo namna yao, kama inavyofanyika bado katika nyumba kadhaa. Naieleza polepole, sababu hapa ndipo penye mambo.

Msuko unafumuliwa kwa vidole ao kwa mti mwembamba, na kila msuko ukifumuliwa unapakwa mafuta hapo hapo, mbele ya maji yoyote. Mafuta ya zamani ni yale meusi ya kokwa za ngazi, ambayo wandugu wa ngambo ile, Kigoma, wanayaita mafuta ya mise. Harufu yake haipendwi na vijana, lakini yanateleza kuliko mafuta mengi ya duka. Mafuta haya mbele ya maji yanapunguza maji yanayoingia ndani ya unywele, na unywele haujai sana. Vidole vinapita kwanza na kutoa yale madonge ya nywele zilizokufa. Vidole vinasikia fundo, kichanuo hakisikii.

Kiisha kichwa kinagawanywa, vipande vinne kwa mtoto, nane ao zaidi kwa mtu mkubwa, na kila kipande kinasokotwa kisirudi kwa mwenzake. Kichwa hakiunganishwi tena mpaka mwisho wa kazi. Kosa kubwa la leo ni kuosha kichwa chote pamoja na kukisugua kwa mviringo, kama mtu anayeosha sufuria. Hapo kazi yote ya kufumua inaharibika kwa dakika moja. Zamani povu lilishushwa kwa viganja kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye ncha, upande mmoja tu, na maji ya kumalizia yalikuwa ya mvua. Wengine wanakamulia ndimu kidogo ndani yake, na hiyo inafunga yale magamba.

Sasa kufungua kwenyewe. Nywele inafunguliwa ikiwa imelowa, haikauki mbele. Nywele yetu ikiwa na maji inanyooka na kuvutika. Ikikauka inarudi kwenye mikunjo yake na kufupika hata zaidi ya nusu, na kila inaporudi inafunga fundo jipya. Lakini iliyolowa inakatika pia kwa urahisi ikivutwa kwa nguvu, ndiyo maana inaomba mafuta mara ya pili. Mama anafungua kipande kimoja, anakishika kwa mkono wa kushoto karibu na ngozi, anakibana. Kwa hivi maumivu hayafiki kichwani: ni mkono wake unaovutwa, si kichwa cha mtoto. Kiisha kichanuo kinaanza kwenye ncha. Upana wa kidole kimoja tu. Hapo pakifunguka, anapanda kidole cha pili, anashuka mpaka inje. Cha tatu, anashuka. Anafika kwenye ngozi mwisho kabisa. Anayeanza kwenye ngozi anasukuma mafundo yote chini yakutane pahali pamoja, na fundo ishirini zikikutana zinakuwa moja lisilofunguka.

Kipande kikiisha kufunguliwa kinasokotwa ao kuzungushiwa uzi papo hapo, kusudi kikauke kikiwa kimenyooka. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya uzi mweusi. Uzuri ulikuja nyuma. Uzi unakataza nywele kurudi kwenye mikunjo, bila moto na bila dawa. Kesho yake ukifungua uzi, nywele ni ndefu na laini, tayari kwa kusuka.

Haya yote yanaomba masaa mawili ao matatu, na yanaomba mtu wa pili. Kinyozi hajinyoi. Mtoto alikuwa kati ya magoti ya nkambo wake, na katika masaa hayo alisikia hadithi, majina ya wakubwa, na aibu za ukoo ambazo baba hawezi kusimulia. Nafikiri sehemu kubwa ya historia ya jamaa zetu upande wa mama ilipita kwa njia hiyo, kutoka mdomo wa juu kwenda sikio la chini. Sisi walimu tunatafuta historia kwa wazee wanaume chini ya mti, na tunasahau magoti ya wamama.

Nani alivunja hii? Hakuna mtu mmoja. Wapadri Weupe walipokea Mpala mwaka 1885, na katika shule za misioni, karibu kila pahali Afrika, mwanafunzi mzuri alikuwa mwenye kichwa kilichokatwa: safi, bila chawa, na bila alama ya kabila. Si kwa ubaya tu. Mtu mmoja anayelea watoto sitini hawezi kufungua vichwa sitini. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, enzi za Albertville, na vitu vya duka vikaanza kuzoeleka, pamoja na vichanuo vya meno membamba vilivyotengenezwa kwa nywele za watu wengine. Kile cha mti chenye meno marefu kikaonekana kitu cha kijijini.

Wakati wa Zaire nywele zilirudi kwa heshima. Kiisha mwaka 1971, pamoja na siasa ya kurudi kwenye asili, uzi ulisimama juu ya vichwa kama miale ya jua, na wamama wa umri wangu wanakumbuka picha hizo ukutani. Wenzetu wa Tanzania walikwisha kutangulia kwa nguvu zaidi: mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza vita juu ya peruki, sketi fupi na dawa za kung'arisha ngozi. Mimi sipendi nywele ziamuliwe na chama. Lakini ni kweli kwamba miaka ile msichana mwenye nywele zake mwenyewe hakuitwa mshamba.

Nyuma yake zikaja dawa za kunyoosha. Zile za nguvu zina soda kali, jamaa ya ile inayotumiwa kutengeneza sabuni, na zinavunja mafungo ya ndani ya unywele yasirudi tena. Zinaunguza ngozi zikikaa zaidi ya wakati, na wamama wengi wanazipaka watoto wa miaka sita ao saba, kwa huruma kabisa, kusudi asilie tena siku ya posho. Mwezi wa 10 mwaka 2022, wachunguzi wa Marekani waliofuata wanawake zaidi ya 33,000 walitangaza kwamba wale waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia: walikadiria asilimia 4.05 mpaka umri wa miaka 70, badala ya 1.64. Uchunguzi mmoja haumalizi neno, na hatari yenyewe bado ni ndogo. Lakini mama anayechagua kwa ajili ya mtoto ana haki ya kujua.

Kuna upande mwingine ambao insha za mila hazipendi kuutaja. Magoti ya nkambo yanaomba nkambo awe hai na karibu. Toka mwaka 2016, mapigano ya Watwa na Waluba yalileta maelfu ya watu pembeni ya mji huu, katika kambi kama Katanika, na wasichana wengi walifika bila mama, ao na mama asiye na maji ya kunywa, sembuse ya kichwa. Walinyolewa. Kuwaambia hao kwamba wameacha mila ni kukosa adabu. Na kunyoa si jambo geni kwetu: mjane alinyolewa matanga yakiisha, na kichwa kilichonyolewa kilisema kwa watu kwamba hapa pamepita kifo. Labda ndiyo sababu wazee wengine hawapendi kuona kichwa cha mtoto msichana kikiwa kitupu bila msiba.

Shule nayo iangalie. Najua shule moja, jina nitaliacha, ambapo msichana mwenye nywele zisizochanwa anarudishwa nyumbani siku ya kwanza ya juma. Anayerudishwa ni yule asiye na mtu wa kumfungua. Anapoteza somo la hesabu kwa sababu ya kazi ya masaa matatu ambayo mikono yake mwenyewe haiwezi kufika nyuma ya kichwa kuifanya. Kama shule inataka vichwa vilivyotengenezwa, itoe saa mbili za mwisho za siku ya posho. Wasichana wawili wawili, mmoja ameketi kwenye benchi na mwenzake chini, juma linalofuata wanabadilishana. Chupa moja ya mafuta ya kokwa inatosha watu kumi.

Kinachokosekana zaidi ni kichanuo. Watabwa walikuwa wakichonga vyao kwa mti mgumu na kuchora juu yake pembetatu za balamwezi, alama ya mwezi unapoanza kuonekana. Vimoja viko Ulaya na Marekani nyuma ya vioo. Fundi mbao yeyote wa mji huu anaweza kukitengeneza. Meno saba ao nane, marefu kama kidole cha kati, na kati ya jino na jino nafasi ya kupitisha kidole kidogo. Pembetatu achore akitaka. Meno ndiyo ayasugue vizuri kwa msasa na kuyapaka mafuta mpaka yateleze, sababu jino lenye mkwaruzo mmoja tu linakata nywele kila linapopita.